Malalamiko: nililipia bakapu, nikarudishiwa njia za mkato

Meneja,
Duka la Kompyuta, Tawi la Kariakoo,
Dar es Salaam.

24 Novemba 2025

Ndugu Meneja,

YAH: BAKAPU ISIYOFANYIKA NA PATISHENI YA RIKAVA ILIYOFUTWA

Jumamosi ya tarehe 15 mwezi huu nilileta dukani kwenu kompyuta mpakato yangu, HP niliyoinunua mpya mwaka 2019, ipigwe Windows 11. Ilikuwa na Windows 10, ambayo Microsoft walisitisha huduma yake tarehe 14 Oktoba, na ilikuwa imechoka kiasi kwamba ukiiwasha unaweza kwenda kuchemsha chai ukarudi bado inazunguka. Shida nyingine haikuwa nayo.

Kabla sijaikabidhi nilimwambia kijana wa mapokezi mambo mawili, naye akayaandika kwenye fomu kwa mkono wake: "Bakapu C yote. D isiguswe." Yaani nakala ya akiba ya C yote, sehemu ya diski yenye Windows na kazi zangu, na D, sehemu nyingine ya diski, iachwe ilivyo. Nakala ya fomu ninayo. Risiti nayo inasema kupiga Windows shilingi 30,000, bakapu 15,000. Nililipa zote 45,000 palepale.

Niseme kwanza kuhusu hiyo D, maana ndiyo iliyomfanya fundi wenu anione msumbufu. D ya mashine ile si ya kuhifadhia muziki. Ni patisheni ya rikava, yaani sehemu ya diski ya kurudishia mashine ikiharibika, kama GB 14 hivi, iliyowekwa na mtengenezaji: humo mna Windows iliyokuja na mashine pamoja na draiva zake, yaani programu za kuendeshea vifaa vyake. Mambo yakiharibika unawasha huku unabonyeza F11, unairudisha ilivyotoka kwenye boksi. Ukitazama orodha ya diski utaiona ina mstari mwekundu, kwamba imejaa. Imejaa kwa sababu ndivyo ilivyotengenezwa. Nilipouliza imeenda wapi, fundi akanijibu, "Dada, ile D ilikuwa imejaa takataka, nikakusafishia upate nafasi." GB 14, kwenye diski ya terabaiti moja.

Hilo ningeweza kulimeza. La bakapu limenishinda.

Jumanne tarehe 18 nilikabidhiwa mashine na flashi ndogo ndani ya bahasha ya nailoni, nikaambiwa vitu vyangu vyote vimo. Nyumbani nikaichomeka. Folda yangu imeandikwa "MTEJA 2". Ndani yake nikaona majina ninayoyajua, yamepangwa kama yalivyokuwa kwenye skrini yangu: Kadi za Novemba, Orodha ya Ahadi, Fonti. Moyo ukatulia. Nikabonyeza Kadi za Novemba, nikaambiwa kinachotafutwa hakipo. Nikabonyeza ya pili, hivyo hivyo. Kutazama ukubwa, kila moja ni kilobaiti 2. Fundi alinakili kilichoonekana kwenye skrini tu, na vilivyoonekana pale vilikuwa njia za mkato, yaani vialama vya kuelekeza tu mahali folda ilipo. Folda zenyewe zilikuwa ndani ya C, nazo hakuzigusa. Kisha akafuta patisheni zote na kupiga Windows juu yake. Kwenye C nilikuwa na zaidi ya GB 60 za kazi. Kwenye flashi yenu, ukitoa picha chache, hakuna kitu.

Mimi natengeneza kadi za michango na mialiko ya harusi. Jumamosi hii, tarehe 29, nina harusi ambayo kadi zake 214 zilikuwa zimebaki kuchapwa tu: nani kadi ya mtu mmoja, nani ya watu wawili, nani ameahidi kiasi gani, nani bado. Nimekaa siku tatu nikichokonoa kundi la WhatsApp la kamati, ujumbe baada ya ujumbe, kuijenga upya orodha ile. Violezo vya miaka sita siwezi kuvichokonoa popote.

Kuna jambo jingine ambalo nadhani hamlijui. Kwenye flashi hiyo hiyo kuna folda iitwayo "MTEJA 1". Sikuifungua. Lakini nimejiuliza sana flashi yenye namba za simu na ahadi za wateja wangu ingekuwa mkononi mwa nani leo. Nchi hii ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu mwaka 2022, nayo inamhusu hata mwenye duka la kompyuta.

Windows yenyewe pia siyo. Mashine ilikuja na toleo la Home, na ufunguo wake umo ndani ya ubao wake; kisakinishi cha kawaida huusoma chenyewe. Fundi aliweka toleo la Pro, ambalo ufunguo huo si wake, kwa hiyo pale chini kulia pana maneno ya kudai leseni.

Sidai muujiza. Kazi niliyoilipia ilitaka diski ya nje na subira ya saa chache: kuchukua taswira ya diski nzima, patisheni zote pamoja na rikava, kwa programu kama Clonezilla ambayo ni ya bure, au angalau kunakili folda nzima ya mtumiaji pamoja na vilivyofichwa. Halafu, kabla ya kufuta chochote, kufungua faili moja au mawili kwenye nakala kuona kama yanafunguka. Angefungua moja tu angejua. Na kinachoniuma zaidi, siku ile mlinishauri ninunue SSD, diski mpya yenye kasi zaidi, iwekwe badala ya ile ya zamani, nikakataa kwa ajili ya hela. Ningekubali, diski ya zamani ningerudi nayo mfukoni na kila kitu changu kikiwa ndani.

Mashine niliizima saa ile ile na sijaiwasha tena, kwa sababu kila kinachoandikwa juu ya diski kinazidi kufukia cha zamani. Kwa hiyo nataka mlipie uokoaji wa data kwa mtaalamu nitakayemchagua mimi, si fundi yule yule. Mnirudishie 45,000 yangu. Uokoaji ukishakamilika, mniwekee Windows Home yenye leseni yake, na mnitafutie flashi ya rikava ya modeli yangu kwa gharama yenu. Nataka pia maandishi ya kuthibitisha kwamba hakuna nakala ya vitu vyangu iliyobaki kwenye kompyuta au flashi zenu.

Nitakuja mwenyewe Jumatatu tarehe 1 Desemba, saa nne asubuhi, na mashine, fomu na risiti. Nisipopata jibu siku hiyo, barua hii itakwenda Tume ya Ushindani na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Flashi nitaikabidhi mkononi mwako wewe meneja, si mapokezi, ili mwenye "MTEJA 1" naye apigiwe simu.

Wako,
Mteja mwenye risiti ya tarehe 15 Novemba 2025