Moto wa bomba la taka usizimwe kwa ndoo

Mhariri,

Majengo ya ghorofa ya Kilimani, Kileleshwa na mitaa mingine ya Nairobi hunadiwa kwa lifti, kisima na bomba la kutupia taka, lakini ni nadra mpangaji kuelezwa afanye nini moto ukizuka ndani ya bomba hilo. Naandika kwa sababu jambo ambalo wengi wetu tungelikimbilia, yaani kufungua kimlango cha ghorofa yetu na kumimina maji, lina hatari kubwa.

Bomba hilo hupanda kutoka chumba cha taka hadi paani, kwa hiyo huvuta moshi kama dohani. Taka zikiwaka chini, moshi hujitokeza juu, na mpangaji wa ghorofa ya kumi hudhani moto uko kwake. Akifungua kimlango, moshi na joto huingia kwenye ushoroba ambao majirani zake wanautegemea kuzifikia ngazi. Isitoshe, takani mna mikebe ya dawa ya mbu, mitungi midogo ya gesi, mabaki ya rangi na betri. Kimoja kikilipuka, aliyeinama pale ndiye atakayeungua uso.

Wazimamoto waliofunzwa kazi hii hutafuta kwanza moto ulipo, kwa kuwa pengine hauko chini kabisa bali umeshikilia boksi au godoro lililokwama katikati. Kabla ya yeyote kuikaribia mashine ya kushindilia taka, ile iliyo chini ya bomba ambayo huzibana kwa sahani ya chuma, umeme wake hukatwa na swichi kufungwa, maana nyingi huwashwa na jicho la umeme pindi taka zinapoanguka, na sahani hiyo haijui mkono wa mtu. Maji hupelekwa kwa mpira kutoka juu ya moto, na watu waliovaa vifaa vya kupumulia, huku mwingine akihakikisha hakuna aliyesimama chini. Kisha kila ghorofa hukaguliwa, kwa sababu ukuta wenye ufa huupitisha moto kimyakimya. Taka zilizoshindiliwa hutolewa nje na kuchambuliwa, kwani kaa huweza kubaki ndani yake kwa saa nyingi.

Vichomeo vya taka, ambavyo kwetu huonekana zaidi hospitalini, vina utaratibu tofauti: hukatwa mafuta na hewa, na moto ukiwa bado ndani ya tanuri huachwa uishe wenyewe, kwa kuwa maji baridi hupasua matofali yaliyopata moto na kutoa mvuke unaobabua. New York ilipitisha sheria mwaka wa 1989 ya kuviondoa katika majengo ya makazi kufikia 1993, na mengi yakawekewa mashine za kushindilia kwenye mabomba yale yale ya zamani.

Naiomba serikali ya kaunti isiidhinishe jengo lenye bomba la taka ambalo halina vinyunyizio vya maji ndani yake, vimlango vinavyojifunga vyenyewe, na mlango wa chini unaoshuka na kuliziba bomba pindi kiungo kinachoushikilia kinapoyeyuka kwa joto la nyuzi 74 za Selsiasi hivi. Wenye majengo nao wasingoje kulazimishwa: vimlango vilivyolegea virekebishwe sasa, na mlinzi wa usiku aonyeshwe swichi ya mashine na akabidhiwe ufunguo wa chumba cha taka, ambao mara nyingi huondoka na msimamizi jioni.

Mkaazi wa Kileleshwa,
Nairobi