Barua kwa mwanangu: dereva wenu asiangalie nyota

Muheza, mwishoni mwa Julai 2026

Mwanangu Zaituni,

Assalaam alaykum. Sisi hapa wazima. Mama yako goti linamsumbua asubuhi tu, likishapata jua linanyamaza. Ujumbe wako wa sauti tumeusikiliza wote, nikaona simu haitanifaa, maana kwenye simu unanikatisha. Barua utaisoma mpaka mwisho.

Umesema usiku wa Jumatano, tarehe 12 Agosti, mwezi hautakuwepo angani, na siku hiyohiyo utalifunika jua huko Iceland na Hispania. Umesema vimondo vya Agosti vitakuwa kileleni usiku huo, na kwamba kwa hapo Dodoma vinaonekana vizuri kuanzia kama saa nane za usiku mpaka kunapambazuka, kwa sababu vinatokea kaskazini na upande huo kwetu uko chini, unachelewa kupanda. Nimekuelewa. Nisichokielewa ni kimoja: Alhamisi una kipindi cha kufundisha asubuhi na mapema. Sasa huko njia ya Kondoa mnakokwenda kutazama nyota mtatoka saa ngapi?

Hesabu nimeipiga mwenyewe. Mtaondoka saa kumi, saa kumi na nusu za alfajiri, watu wanne kwenye Noah, na anayeshika usukani ni yuleyule aliyekesha shingo juu kama ninyi. Hapo ndipo penye neno langu, mama. Hayo mengine yote ni nyongeza.

Ya mteremko wa Kitonga unayajua, sitayarudia. Ila juzi redio imetangaza tena ajali ya alfajiri, gari dogo limeingia chini ya lori lililoharibika barabarani. Abiria walikuwa wanatoka harusini. Mama yako akaniangalia, akazima redio. Nimeendesha lori kutoka Dar mpaka Tunduma miaka yote mliyokuwa shule, na nakuambia usingizi wa saa kumi alfajiri haubishi hodi. Unaona taa nyekundu za gari la mbele ziko mbali. Kisha unaziona zimekuwa kubwa, ziko puani, na hapo katikati hukumbuki kitu. Hukusinzia, utaapa hukusinzia. Watu watawaambia fungueni dirisha, ongezeni muziki, tafuneni bigijii. Nimefanya yote hayo. Dirisha linakupa baridi, macho halikupi.

Na hilo lori lililoharibika unajua linawekewa nini nyuma? Matawi. Pembetatu iliibwa zamani. Yakiwa mabichi taa inayashika kidogo, yakishanyauka yanafanana na lami. Dereva aliyelala vizuri anayaona kwa shida. Huyo wenu je?

Usidhani sijui kwa nini mnaung'ang'ania usiku huo. Ulinieleza ulipokuja Idi, nami nilikuwa nasikiliza ingawa nilikuwa natengeneza jembe. Kiangazi cha Dodoma anga iko wazi karibu kila siku, lakini wazi siyo giza. Mwezi ukishanenepa unaimeza Njia Nyeupe yote, ule mkanda wa nyota. Mji nao umejaa taa tangu serikali ihamie, kwa hiyo lazima mtoke nje. Kisha kuna vumbi, na moshi watu wakianza kuchoma mashamba. Ukitoa hayo yote, na ukitoa siku za kazi, kwa mwezi mnabakiwa na usiku mmoja au miwili ya maana. Mtu mwenye njaa ya namna hiyo haachi sahani mezani. Hata bibi yako alikuwa hatupi jembe shambani mpaka akitafute Kilimia kwanza, kile kikundi cha nyota, na hakuna aliyemwita mvivu.

Lakini mbona Jumamosi ya tarehe 15 ipo? Mwezi mwandamo nimeutazama maisha yangu yote, sihitaji darubini kwa hilo. Mwezi wa siku tatu unazama kwenye saa tatu usiku. Mtauona magharibi mwembamba, Zuhura iko karibu yake inawaka, kisha unazama na giza linabaki lenu mpaka asubuhi. Vimondo vitakuwa vimepungua, sikatai. Ila nyota za Nge hazitahama, Njia Nyeupe haihami, sayari ya Zohali itapanda baadaye usiku kama kawaida yake, na Jumapili hakuna anayekusubiri na chaki. Mnalala hukohuko. Jua likitoka mnakunja virago, mnakunywa chai, ndipo mnarudi.

Kama hamtaki kusikia, kama lazima iwe Jumatano, basi mmoja wenu asiangalie nyota. Aingie garini saa tatu usiku, ajifunike blanketi, alale. Huyo ndiye dereva. Najua atanung'unika. Na ninyi mtamwonea huruma mtamwamsha saa tisa, "njoo uone hiki kimoja tu". Msimwamshe. Au muombe ruhusa kwa mwalimu mkuu, mwambie ukweli, kwamba unakwenda kutazama vimondo. Asipokupa, ndiyo jibu lenyewe hilo.

Mkifika msiegeshe pembeni mwa lami. Ingieni ndani kabisa, na kwa mwenyekiti wa kijiji mpite kwanza mjitambulishe, watu wanne gizani na bomba la darubini limeelekezwa juu wanaweza kudhaniwa chochote. Beba sweta, Agosti huko usiku ni baridi. Fisi nimewasikia mwenyewe upande huo. Ile tochi uliyoifunika kwa karatasi nyekundu ni nzuri kwa macho yenu, umesema yanachukua nusu saa kuzoea giza, sawa, lakini kwa nyoka haisaidii. Mkienda kujisaidia washeni nyeupe. Nusu saa nyingine hamtakufa. Na kile kioo cha darubini usikifute kwa khanga, hata kikiwa na vumbi. Pulizia tu, acha. Kioo chochote ukikisugua na mchanga juu yake unakichora mwenyewe.

Mjomba wako anasema umenuna kwa sababu ya bei ya hiyo darubini. Kama kuna maneno yalinitoka siku ile, mjomba wako naye hakuwa na sababu ya kuyabeba mpaka Dodoma. Mimi nilikuwa naiwaza ile hela kwa hesabu ya ng'ombe. Lakini nani aliyewaonyesha majirani picha za kupatwa kwa mwezi mwezi wa Septemba mwaka jana? Siyo mjomba. Sisi hapa tulikuwa tumetoka kusalishwa sala ya kupatwa, mwezi mwekundu kama chungwa lililoiva, na wewe unatuma picha za wanafunzi wako wamepanga foleni uwanjani usiku, kila mmoja na zamu yake ya jicho. Mzee wa duka akauliza, huyu ndiye yule mdogo aliyekuwa anasinzia madrasa? Nikamwambia ndiye. Tangu hapo ananiuliza sayari ya Mushtarii ni ipi, namwonyesha, mara nyingine nadhani namwonyesha siyo.

Hiyo akiba ya kwenda Luxor tarehe 2 Agosti mwakani sitaisema sana. Umesema jua litafunikwa kwa zaidi ya dakika 6, na hutaishi kuona mchana mwingine wa giza refu namna hiyo. Inawezekana. Mimi nasema tu kwamba jiko la mama yako linavuja upande wa mafiga, na vuli haiko mbali. Bati sita zinatosha. Kama unaweza kutoa nne, mbili nitaziongeza mimi baada ya kuuza machungwa. Madalali mwaka huu wanataka kununua mti mzima kwa bei ya kutukana, wanaangalia matunda juu kwa sekunde mbili wanakutajia hela, nimewafukuza wawili. Mdogo wako anasema niwauzie tu tumalize. Yeye ada yake ya muhula imeshalipwa, ndiyo maana anaongea kwa raha.

Mbuzi mweupe kazaa pacha. Mmoja ni dhaifu, mama yako anamnywesha kwa chupa ndani ya nyumba, nimeacha kubishana naye.

Kiroba cha machungwa nimekitoa kwa basi la Ijumaa. Kondakta usimpe kitu, nimeshalipa, risiti nimekupiga picha. Toa yaliyobonyea kwanza, usiyafungie ndani ya mfuko. Wenzako wa nyota wagawie, na huyo mwenye Noah mpe mengi.

Kisha nitumie namba yake. Simgombezi. Nataka nimuulize mwenyewe tairi za mbele zina umri gani, na yeye akikesha huwa analala saa ngapi. Nijibu kabla ya Jumapili ijayo kama ni tarehe 12 au ni 15, na dereva ni nani. Usiniandikie "tutaona". Mama yako naye anataka jina la dereva.

Baba yako