Aliye likizo mwacheni alale

Mhariri,

Msomaji wenu mmoja aliandika hivi karibuni kwamba mfanyakazi anayelala hadi saa nne asubuhi katika likizo ya mwisho wa mwaka anapoteza muda ambao angejiendeleza nao. Mimi ni mmoja wa walalaji hao, naomba nafasi nimjibu.

Kazi yangu ni uhasibu. Desemba ndipo tunafunga hesabu za mwaka, na kila idara inakumbuka ghafla risiti zilizolala kwenye droo tangu Machi. Kwa sisi tunaoishi kaskazini mwa dunia, hekaheka hizo zinaangukia siku fupi kuliko zote, zile za kuelekea tarehe 21 au 22 Desemba. Naingia ofisini na giza, natoka na giza. Kiza kinapoingia ubongo huanza kutoa melatonini, homoni inayouandaa mwili kulala. Sisi tunaukatalia kwa taa na kahawa. Likizo ikianza mwili unadai chake. Mhasibu gani ataita kulipa deni hasara?

Isitoshe, mapumziko si hisani. Kifungu cha 24 cha Tamko la Kimataifa la Haki za Binadamu la 1948 kinayataja pamoja na likizo yenye malipo. Mkataba namba 132 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1970, unaweka wiki tatu za kazi kwa mwaka kuwa kiwango cha chini, na hata likizo ikigawanywa, sehemu moja iwe walau wiki mbili mfululizo, isipokuwa pande mbili zikubaliane vinginevyo. Neno hilo "mfululizo" nalipenda sana. Siku za mwanzo mtu yuko nyumbani lakini kichwa bado kinajumlisha. Mimi hamu ya kusoma kitabu, au kutembea mchana kabla jua halijatoroka, hunijia baadaye, yenyewe, bila ratiba ya mtu.

Ambacho ndugu yangu huyo hakukigusa ni simu. "Samahani kukusumbua, najua uko likizo, nina swali dogo tu." Swali dogo hilo litataka ufungue kompyuta, utafute faili, umpigie mtu wa benki, na jioni yote imekwenda. Ufaransa waliliona hili: tangu 2017 sheria yao inazitaka kampuni zenye wafanyakazi 50 au zaidi zijadiliane na wafanyakazi kuhusu haki ya kutoshika mawasiliano ya kazi nje ya saa za kazi.

Sisi ambao hatuna sheria kama hiyo tujipange. Mimi na mwenzangu wa meza ya pili tunaandikiana karatasi moja kabla ya kuondoka: faili liko wapi, nani anatia saini, lipi haliwezi kungoja, lipi lingoje Januari. Mengi, utashangaa, yanangoja. Baada ya hapo nazima arifa za kundi la ofisi, na zamu yake ikifika namlindia naye usingizi wake.

Ugumu ni kwamba karatasi hiyo tunaiandika usiku, kwa kuiba muda. Mabosi wanaosoma ukurasa huu nawaomba jambo moja: siku ya mwisho kabla ya likizo msimpe mtu kazi mpya. Iwe siku ya kukabidhi tu.

Mhasibu aliye likizo