Kwa nini tunapima vipira kabla ya droo

Wateja wanaokodi mashine yetu ya droo kwa ajili ya promosheni huwa wanashangaa tukitoa mzani mdogo ule wa masonara na kuanza kupima kipira kimoja kimoja mbele ya watu, MC kashika maiki anasubiri, wengine wananuna kabisa. Ngoja niwaeleze hii kitu imetokea wapi.

Ni Marekani, mji wa Pittsburgh, tarehe 24 Aprili 1980. Bahati nasibu ya jimbo la Pennsylvania ilikuwa inachezeshwa laivu kwenye TV, mashine tatu, kila moja ina vipira 10 vya ping pong vyenye namba 0 mpaka 9, upepo unapuliza toka chini vinarukaruka humo ndani, kinachopanda kwenye bomba ndo namba yenyewe. Mashine zilikuwa nzima, mtu angekagua mota na waya mpaka asubuhi asione kitu.

Sasa mtangazaji wa droo, Nick Perry, akapanga na wenzake, vipira vikadungwa rangi nyeupe kwa bomba la sindano, namba zote isipokuwa 4 na 6. Kipira cha ping pong hakifiki hata gramu 3, ukikiongezea kidogo tu upepo unashindwa kukipandisha, kinabaki kinachezacheza chini, na anayeangalia nyumbani anaona vipira vinaruka kama kawaida. Zikabaki namba nane tu zinazoweza kutoka, 444, 446, 464, 466 na zile nne zinazoanza na 6, washkaji wake wakazunguka kununua tiketi za hizo hizo. Jioni ikatoka 666. Yaani 666, kati ya zote! Malipo yakapita dola milioni 3, lakini tiketi nyingi namna ile kwenye namba nane tu zikawaumbua, na 1981 Perry akakutwa na hatia.

Ndo maana kwetu vipira vinakaa kwenye boksi lenye kufuli na ufunguo anabaki nao mteja, sio fundi wetu. Kimoja kikizidi uzito tunatoa seti nzima tunaweka nyingine, hatubishani. Halafu jamani, logo ya kampuni bandikeni kwenye mashine, nafasi ipo kubwa tu, msitubandikie kwenye vipira maana stika nayo ina uzito wake.