Barua kwa Baba Neema: usikubali wakuondolee mstari wa ukutani

Kirumba, Mwanza

Baba Neema,

Salamu nyingi. Sisi huku hatujambo, na mama anakusalimia sana. Nimefurahi mno kusikia umekabidhiwa ulipuaji wa ukuta wa mwisho huko mgodini. Umeniuliza kama kweli kuna haja ya kuchoronga ule mstari wa ziada wa mashimo ya baruti ukutani, wa kuupasua mwamba kabla ya mlipuko mkubwa, wakati wakubwa wanadai tani. Haja ipo, ndugu yangu, tena kubwa. Usikubali wakuondolee mstari huo.

Tazama hesabu. Kila benchi, yaani ngazi ya ukuta wa mgodi, huachiwa kibaraza cha kudakia mawe yanayoporomoka. Kanuni inayotumika sana huchukua 0.2 ya kimo cha benchi, kisha huongeza mita 4.5. Benchi la mita 20 linadai kibaraza cha mita 8.5. Sasa lipua safu ya mwisho kwa baruti ileile ya kuvunjia mbale, yaani mawe yenye madini, ukingo umeguke mita 3 kwenda nyuma: umebakiwa na mita 5.5, na jiwe linalotoka juu litapita hadi kwa vijana walioko chini. Msanifu akiona vibaraza vinaliwa hivyo, atalazimika kuulaza ukuta wote, usiwe wima sana. Ukuta wa kimo cha mita 200 na urefu wa kilomita 1, ukilazwa kutoka digrii 45 hadi 44 tu, unaongeza karibu tani milioni 1.9 za kifusi cha kuhamisha. Wanaosema mashimo yako ni ghali waonyeshe hesabu hiyo.

Mashimo yenyewe yawe membamba na yakaribiane, kama mara 10 hadi 12 ya kipenyo. Ya milimita 102 yapishane mita 1 au zaidi kidogo. Baruti iwe kidogo na isiguse kuta za shimo. Ule uwazi unapunguza nguvu, gesi inapasua mwamba kutoka shimo hadi shimo bila kuusaga. Mstari huo uwake kwanza, mlipuko mkubwa ufuate na ukute ufa umeshafunguka. Safu inayopakana nao ipunguziwe baruti. Na mbele pawe wazi: kifusi cha jana kikibaki kimeegemea uso wa benchi, mwamba utakosa pa kwenda, na nguvu yote itageuka kuupiga ukuta. Hapa ndipo wengi wanapoharibu, wakidhani kosa ni la baruti. Wachorongaji nao wasizidishe kina mahali ambapo chini yake patakuwa ukingo wa benchi lijalo.

Ukiona nusu za mashimo zimebaki zimechoreka ukutani, kazi imefanyika. Lakini mstari mzuri hauwezi kuokoa ukuta uliopangwa kinyume na nyufa za mwamba. Wewe umekulia Mabatini, umeyaona mawe yaliyopandana juu ya nyumba, na Bismarck pale ziwani. Itale ile ilikuwa na nyufa, hali ya hewa ikaila kufuata nyufa hizo, yakabaki mawe magumu yamesimama. Mwamba wa mgodini nao huachana kwenye nyufa zake. Ufa unaoinamia ndani ya shimo la mgodi, mkali kuliko pembe ya msuguano (mwinamo ambao jiwe huanza kuteleza) lakini mlalo kuliko uso wa benchi, utateremsha kila kilicho juu yake hata ulipue kwa ustadi gani. Hapo mwambie msanifu alaze uso ufuate ufa. Nyufa mbili zikikutana, kabari nzima huchomoka. Kwa hiyo shuka na dira na mtu wa jiolojia kila benchi linapofunguka, mpime. Msitegemee sampuli za uchorongaji za miaka iliyopita.

Vuli inakaribia. Maji yakijaa ufani yanausukuma mwamba nje, basi dai mashimo ya kuyatoa yachorongwe mapema, kwa kulala, ndani ya ukuta. Mashimo ya baruti yenye maji usiyatilie anfo, baruti ya chembechembe za amonia nitrati na dizeli, inayeyuka, tumia emulsheni, baruti ya uji inayostahimili maji.

Na ukuta upimwe kila siku. Kule Bingham Canyon, Marekani, tarehe 10 Aprili 2013, ukuta ulianguka mara mbili, jumla zaidi ya tani milioni 100, na hakuna aliyeumia kwa sababu vipimo vilionyesha mapema kwamba unatembea, watu wakaondolewa. Nikifikiria hilo nakuomba kwa moyo wote: rada ya kupimia ukuta ikionyesha mwendo unaongezeka, toa watu kwanza, mengine mtajadiliana baadaye.

Nitumie picha za ukuta baada ya mlipuko wa kwanza, pamoja na vipimo vya nyufa, tuvipitie pamoja. Ukipata mapumziko njoo navyo mwenyewe. Daraja la Kigongo–Busisi limeshafunguliwa, hakuna tena kukesha foleni ya kivuko. Msalimie sana Mama Neema na watoto.

Ndugu yako,
Baba Kulwa