Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Mbunge wetu: tunaomba mifuko midogo ya damu

Mheshimiwa Mbunge,

YAH: MIFUKO YA DAMU KWA WATOTO NJITI

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Ni matumaini yangu barua hii inakukuta mzima huko Dodoma. Sisi huku Lindi tupo. Niliandika kwanza ofisini kwako, nikaambiwa "imepokelewa". Nikapiga ile namba uliyotutangazia jukwaani, kumbe ilikuwa ya msimu wa kampeni tu. Ndiyo maana leo nakuandikia hadharani. Uniwie radhi.

Juzi usiku mwanangu, njiti aliyezaliwa na kilo moja na gramu mia, aliongezewa damu kwa mara ya tatu. Nilikuwepo. Muuguzi alivuta mililita 15 kutoka kwenye mfuko wa mtu mzima wa mililita 450. Mfuko wenyewe, ungali umetuna vilevile, ukatupwa kwenye ndoo nyekundu ya taka. Nilipouliza, akanijibu taratibu: "Mwalimu, ukishafunguliwa hauwekwi tena." Ni kweli, hauwekwi. Simlaumu hata kidogo, alikuwa peke yake na chumba kizima cha njiti. Lakini shemeji zangu walikuwa wametoka Nachingwea kuja kutoa damu ya kurudishia, na hata uchovu wa gari ulikuwa haujawatoka.

Kwa hiyo sasa mwanangu ana damu ya watu watatu tofauti. Mungu awabariki wote watatu. Nafundisha Biolojia sekondari, na hapo ndipo usingizi ulipokata.

Mtoto hupata kinga nyingi kutoka kwa mama yake kupitia kondo la nyuma, na sehemu kubwa huvuka katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba. Njiti anazaliwa kabla mzigo huo haujafika. Hata madini ya chuma hajawekewa ya kutosha, na mwili wake bado hautengenezi damu kwa kasi inayotakiwa. Mwili mzima wa mwanangu una damu kama theluthi moja ya chupa ya soda. Kila anapochomwa kwa vipimo anapungua, na akipungua sana lazima aongezewe. Sipingi kuongezewa damu, Mheshimiwa, na asitokee mzazi wa kuikataa kwa sababu ya barua hii. Bila damu ile ningekuwa naandika barua nyingine.

Ila damu ya mtu mzima huja na chembe nyeupe zake, ambazo ni askari wa mwili mwingine. Zinaweza kubeba virusi kama sitomegalo, ambavyo mtu mzima anaishi navyo bila habari lakini njiti vinamtesa. Kwa nadra sana zinaweza hata kumshambulia mtoto mwenyewe, na ndiyo maana nchi nyingine huichuja damu ya njiti, tena huipiga mionzi. Kila mchangiaji mpya ni kundi jipya la askari wa kigeni katika mwili ambao haujajifunza kutofautisha rafiki na adui.

Baada ya mfuko wa pili tumbo la mtoto lilivimba, maziwa yakasimamishwa. Mimi nahisi ni ile damu. Daktari anasema huenda ni unjiti wenyewe, na wataalamu duniani bado wanabishana juu ya damu na utumbo wa njiti. Sawa. Lakini hawabishani kwamba damu ni dawa yenye kipimo. Mwaka 2019 utafiti uliofanyika Uingereza, Ireland na Uholanzi ulionyesha kuwa njiti waliowahishiwa chembe sahani, zile za kugandisha damu, walikufa au kuvuja damu vibaya zaidi ya waliosubirishwa. Mwaka 2020 Marekani wakafuatilia njiti zaidi ya 1,800: kuongeza damu mapema zaidi hakukuwaletea faida ya uhai wala ya akili.

Na kitovu? Shirika la Afya Duniani linashauri kusubiri angalau dakika moja kabla ya kukikata, mtoto amalizie kupokea damu yake mwenyewe. Cha mwanangu kilikatwa papo hapo. Hiyo dakika moja inahitaji bajeti gani?

Ulipokuja kuomba kura ulimbeba mtoto wa watu, ukapigwa picha, ukasema hakuna njiti atakayeteseka jimboni kwako. Picha ninayo. Najua pia mmeongeza likizo ya mama wa njiti kwenye sheria ya kazi, na mlistahili makofi. Mke wangu anauza samaki. Mwajiri wake ni beseni. Tangu ajifungue hajauza hata dagaa, mshahara wangu umeishia kwenye nauli na dawa, na baba mkwe ameuza korosho za msimu ujao kwa walanguzi, kwa kangomba, ileile mnayoipiga marufuku kila mwaka. Mje mumkamate, ila mje na mifuko.

Ndiyo, mifuko. Ipo mifuko pacha: damu ya mchangiaji mmoja inagawanywa kwenye vifuko vidogo vilivyoungana, kila kimoja kinafunguliwa peke yake, vingine vinakaa kwenye jokofu hata siku 35. Mtoto mmoja anarudi kwa mtu yuleyule badala ya kuletewa mgeni kila mara, na kinachomwagwa kinapungua sana. Wanafunzi wangu ni wachangiaji wakubwa wa damu. Shule zikifungwa, benki ya damu inakauka. Niwaambieje Januari, kwamba sehemu kubwa ya walichotoa iliishia kwenye ndoo?

Una Mfuko wa Jimbo, na una haki ya kumuuliza Waziri swali, hata la nyongeza. Chujio na mionzi nitaviomba siku nyingine. Leo naomba mifuko midogo tu. Mifuko midogo, Mheshimiwa. Daktari amesema wiki ijayo watampima tena wingi wa damu, na tukae tayari kutafuta mtu wa nne.

Wako mpiga kura,
Mwalimu wa Biolojia, Mkoa wa Lindi

Nakala: Diwani wa kata, kwa taarifa (naye alikuwepo jukwaani).