Shukrani za Familia ya Marehemu Mwalimu, Seme, Kisumu

Bwana ametoa, Bwana ametwaa, jina la Bwana lihimidiwe.

Sisi mjane, watoto na wajukuu wa Mwalimu tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa maisha ya mzee wetu, na tunawashukuru ninyi nyote mliotushika mkono tangu alipolazwa mpaka tulipomzika hapa nyumbani Jumamosi iliyopita.

Hospitali ndiyo iliyotuvunja. Siku ya kwanza jina lake liliitwa kwa sauti mlangoni, akapitwa na foleni, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kwamba mzee yule ni kiziwi. Akalala siku mbili wodini bila mtu wa kuzungumza naye, nasi tuko nje tukingoja saa ya kuona wagonjwa. Ndipo ikaja zamu ya usiku ya muuguzi mmoja ambaye dada yake ni kiziwi. Alivuta kiti, akawasha tochi ya simu, akaielekeza kwenye mikono yake mwenyewe, akauliza kwa ishara: unaumwa wapi? Baba alilia. Mama anasema hakuwa amemwona akilia tangu 1987. Dada yetu, hatukutaji jina kwa kuwa ulituomba, lakini Mungu anakujua. Wewe ni wa nyumba hii sasa.

Waliomjua Baba wanajua habari ya 1987. Tarehe 3 Disemba mwaka huo ndege ndogo iliyokuwa ikielekea Nairobi ilianguka Rwanda, akafa humo Andrew Foster, Mmarekani mweusi, kiziwi, aliyefika Ghana 1957 akaanzisha shule ya viziwi Accra, na kabla hajafa alikuwa ameacha shule zaidi ya 30 katika nchi 13 za Afrika. Baba hakuwahi kukutana naye. Lakini homa ya uti wa mgongo iliyomziba Foster masikio akiwa na miaka 11 ndiyo iliyomziba Baba akiwa na 7, na picha ya Foster haikutoka ukutani kwetu sebuleni. "Ugonjwa mmoja, kazi moja," Baba alisema kwa mikono yake.

Yeye mwenyewe aliipata elimu Nyang'oma, Bondo, katika shule ya misheni iliyofunguliwa 1961, wakati wengi wetu huku tuliamini mtoto kiziwi ni wa kuchunga ng'ombe tu. Alipokuwa mwalimu alipanda baiskeli wikendi kwenda boma kwa boma, Seme hadi Maseno, kutafuta watoto waliofichwa. Alikuwa na daftari na penseli ya kuongea na wazazi. Katiba ya 2010 ilipoitambua Lugha ya Ishara ya Kenya na kuiweka miongoni mwa lugha rasmi za Bunge, alinunua nakala, akapigia mstari kifungu cha 7 na cha 120 kwa kalamu yake nyekundu ya kusahihishia. Nakala hiyo ndiyo tuliyoiweka juu ya jeneza.

Usiku wa mkesha stima ilipotea. Wenye kusikia waliendelea na nyimbo, lakini viziwi zaidi ya mia moja, wanafunzi wake wa zamani, walikatwa maneno papo hapo. Gizani mikono haionekani. Vijana wa boda boda, bila kuombwa, walipanga pikipiki zao mstari mmoja, wakaziwasha, taa zikawamulika wakalimani mpaka alfajiri. Petroli ilikuwa yao. Hatukuwalipa, na walipokataa hata chai ya asubuhi tulikosa la kusema. Kaburini viziwi wote waliinua vidole viwili wakavipitisha juu ya nyusi, penye kovu la Baba. Hilo ndilo lilikuwa jina lake la ishara, ambalo viziwi walimwita kwa mikono.

Shukrani pia kwa wakalimani wote, padri na kwaya, chifu na wazee wa mtaa, walimu wenzake wastaafu, walimu na wanafunzi wa shule za viziwi waliotoka Nyang'oma, Mumias na Nakuru, chama cha kina mama, shemeji na wajomba wa Bondo, waliotoa tenti, viti, sufuria na maji, waliochimba kaburi, waliotuma michango kwa M-Pesa, madaktari na madereva.

Tuliowasahau, tusameheni, msiba umetuchanganya. Na msamaha mkubwa tunauomba kwenu viziwi mliosafiri mbali mkafika kwetu mkakuta wajukuu wa Mwalimu wengi hawajui hata kuwasalimu kwa ishara. Tuliliona, likatuuma. Mkalimani mmoja amekubali kuwafundisha hapa nyumbani kila Jumapili baada ya misa, Mungu ambariki.

Kitabu cha maombolezo bado kiko mezani sebuleni. Ambaye hakupata nafasi ya kuandika, karibu.

Mjane, watoto na wajukuu
Seme, Kisumu